Pesa za Chuo Mtaani: Nani Hulipia Mwaka wa Tatu?

Kila mwaka ifikapo Juni, vyuo vya Marekani na Ulaya vikishafunga, wanafunzi wao huanza kuonekana Kibera. Huja na begi mgongoni, daftari, na barua inayosema chuo kimewapa fedha kidogo za kuanzisha mradi: kusafisha maji, kutengeneza jiko, kuunda programu ya simu, kuwafunza wasichana uongozi. Wengine huongozana na profesa wao. Kufikia mwisho wa Agosti wamesharudi darasani. Nyuma yao hubaki bango, kamati yenye mwenyekiti na mweka hazina, pengine tangi la maji. Mara chache sana hubaki shirika lenye uhai.

Mashirika hayo machache yaliyopona ndiyo hutolewa mfano kila chuo kinapotafuta fedha za kundi lijalo, na ni haki yatajwe. Lakini ukiyachunguza moja moja, tangu yalivyozaliwa hadi yalivyotimiza miaka kumi au ishirini, utaona yalisimama kwa sababu ambazo fomu ya maombi haina hata nafasi ya kuziandika. Vyuo hulipia mwaka wa kwanza, mwaka wa uzinduzi na picha. Mradi hufa au hupona mwaka wa tatu, na huo hauna mlipaji. Hilo ndilo dai langu, na njia ya kulipima ni kuitazama miradi yenyewe.

Tuanze na Carolina for Kibera. Mwaka 2000 Rye Barcott, mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill, alikuja Kibera kwa ufadhili wa Burch, ambao chuo hicho huwapa wanafunzi wenye utafiti waliojipangia wenyewe. Alitaka kuelewa vijana na ghasia za kikabila. Kabla ya kuondoka alimpa Tabitha Atieno Festo, muuguzi aliyekuwa amepoteza kazi, dola 26, yaani kama shilingi 2,000 za wakati ule. Tabitha alizifanya mtaji wa kuuza mboga, na faida ikamwezesha kufungua zahanati ndani ya nyumba yake. Mwaka 2001 Barcott, Tabitha na Salim Mohamed wakaanzisha shirika. Tabitha alifariki Desemba 2004, na zahanati inaitwa kwa jina lake.

Hadithi hii hupenda kusimuliwa kana kwamba dola 26 ndizo zilizozaa zahanati. Kwa maoni yangu iliyozaa zahanati ni miaka ya Tabitha wodini, majirani waliokuwa wakimgongea mlango usiku kabla hajawa na mfadhili yeyote, na uamuzi wake wa kutokula mtaji. Salim Mohamed naye hakufika mikono mitupu. Alitokea kwenye chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa 1987, ambako timu ya mpira hujipatia pointi za ligi kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro. Ligi za Carolina for Kibera zilifuata nyayo hizo hizo. Kwa hiyo moja ya mawazo makubwa yanayohesabiwa kuwa tunda la Chapel Hill lilivuka kutoka Mathare hadi Kibera, safari ya matatu mbili.

Chuo kilifanya nini basi? Kilitoa vitu ambavyo havionekani kwenye picha: ofisi ndani ya kampasi, jina linalofungua milango, wanafunzi wa afya ya jamii waliopokezana mwaka baada ya mwaka. Zahanati ya Tabitha baadaye ilikuwa kituo cha kazi ya taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, KEMRI, na taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ya kufuatilia maradhi ya kuambukiza kwa maelfu ya wakazi wa Gatwekera na Soweto, ambao walitibiwa bure. Shirika lilipata mwaka wa tatu, na wa ishirini, kwa kuwa chuo hakikukata kamba baada ya ripoti ya kwanza.

Shining Hope for Communities, ambayo mtaani wote huiita SHOFCO, ina historia inayofanana na hiyo kuliko inavyodhaniwa. Kennedy Odede, kijana aliyekulia Kibera, alianzisha kikundi mwaka 2004 akiwa na mpira mmoja na marafiki. Walicheza, wakafanya maigizo, wakazungumzia ukimwi na ukatili dhidi ya wanawake. Jessica Posner, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wesleyan huko Connecticut, alikuja 2007 akaungana na kazi hiyo ya maigizo. Baadaye Odede mwenyewe alipata nafasi ya kusoma Wesleyan kwa ufadhili kamili. Mwaka 2009 walifungua shule ya wasichana ya Kibera, kwa msaada wa dola 10,000 kutoka Projects for Peace, mfuko ulioanzishwa 2007 na Kathryn Wasserman Davis alipotimiza miaka 100, na ambao hupitia vyuoni: chuo huteua mwanafunzi, mfuko hulipa.

Dola 10,000 leo ni takriban shilingi milioni 1.29. Ukiwaajiri wakazi watatu kwa shilingi 30,000 kwa mwezi, mwaka mmoja umemeza shilingi 1,080,000, na hujalipa kodi ya chumba, umeme, wala nauli ya mtu. Tukumbuke pia kwamba fedha zilipoingia kikundi kilikuwa na miaka mitano. Kilikuwa na wanachama, kilikuwa na maadui, na kilikuwa kimeshajifunza ni chifu gani wa kuzungumza naye na ni kijana gani asipewe ufunguo wa stoo. Dola 10,000 zilikuta nyumba ina msingi.

Kutoka hapo hadi Tuzo ya Kibinadamu ya Hilton ya 2018, yenye dola milioni 2, ni miaka tisa. Nani aliilipa hiyo miaka ya katikati? Tuzo za wabunifu vijana, wafadhili binafsi, na watu waliofahamiana kupitia Wesleyan. Hapa ndipo ukweli unapouma kidogo. Zawadi kubwa ambayo chuo cha Marekani humpa mwanafunzi wake ni meza anayoketishwa: wahitimu matajiri, wakurugenzi wa mifuko, waandishi wa magazeti. Kijana wa Laini Saba anayesoma Chuo Kikuu cha Nairobi hupata elimu isiyopungua sana hiyo, lakini meza hiyo hana. Ndiyo sababu mradi wa mgeni wa miezi miwili unaweza kuzidi kwa bajeti mradi wa mwenyeji wa miaka sita.

Odede, tuongeze, si mtu wa kuwapigia makofi wageni wote. Agosti 2010 aliandika katika New York Times dhidi ya utalii wa mitaa ya mabanda, akikumbuka jinsi alivyopigwa picha na mtalii akiwa kijana, akiosha vyombo nje ya nyumba yao. Aliyeandika hayo ni mtu aliyekuwa tayari amepokea fedha kupitia chuo cha ugenini. Sioni mgongano wowote hapo. Alijua tofauti kati ya anayekuja kutazama na anayebaki kulipa mishahara.

Mradi wa tatu unastahili kutazamwa kwa sababu unahusu muda kuliko mwingine wowote. Mwaka 2006 kikundi cha wanafunzi wa shule ya ubunifu majengo na mandhari ya Chuo Kikuu cha Harvard kilianzisha Kounkuey Design Initiative, au KDI. Mmoja wao, Arthur Adeya, ni Mkenya na amekuwa mhadhiri wa usanifu wa mandhari katika Chuo cha Jomo Kenyatta, JKUAT. Eneo lao la kwanza la umma lilikuwa Silanga, karibu na bwawa la Nairobi, mahali palipokuwa jaa la taka kando ya mto. Walijenga pamoja na kikundi cha wakazi mahali pa kukutania, choo, bustani na nafasi za biashara ndogo. Wakazi walitengeneza mboji na kufuma vikapu kwa magugu maji ya bwawani. Baada ya hapo KDI ilijenga eneo la pili, la tatu, na kuendelea hadi kupita kumi, mengi yakiwa kando ya Mto Ngong na vijito vyake.

Kando ya mto ndiko mvua inakouliza maswali. Nairobi hunyeshewa zaidi Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba. Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi na vumbi, anga la kijivu, mitaro mikavu. Likizo ya mwanafunzi wa ng'ambo huangukia hapo hapo. Kwa hiyo kundi zima la wabunifu huja kuchora choo, daraja au njia ya maji katika miezi ambayo Kibera haifuriki, kisha huondoka kabla tone la kwanza la vuli halijagonga bati. Mkazi wa kijiji cha Lindi au cha Raila angewaambia maji hufika kiasi gani mlangoni mwake mwezi wa Aprili, lakini mtu hujibu alichoulizwa. KDI iliweza kushughulika na mafuriko kwa kuwa ilikuwa na wafanyakazi wanaolala Nairobi mwaka mzima, wakapima mto ukiwa umejaa na ukiwa umekauka. Ufadhili wa wiki nane hauwezi kununua Aprili.

Miradi mingine ilikuwa na akili nyingi na bado ikagonga ukuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, darasa moja la Chuo Kikuu cha Stanford lilishirikiana na idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Nairobi kubuni huduma za simu kwa ajili ya Kibera. Mojawapo iliitwa M-Maji: muuza maji atangaze kwa simu ana maji, bei gani, na mnunuzi aulize kwa simu yake kabla ya kubeba dumu. Kwenye karatasi ni wazo safi. Ila anayeijua biashara ya maji Kibera atauliza mara moja: siku mfereji umekauka Sarang'ombe yote, muuzaji ana haja gani ya kutangaza bei? Wateja watamtafuta wenyewe, na atapandisha. Dumu hukosekana kwa sababu bomba limekatwa, au maji yameelekezwa kwa mwingine, au kuna watu wanaokula hapo katikati. Taarifa haikati kiu. SHOFCO walipoamua kupitisha mabomba yao ya maji hewani, juu ya nguzo, walikuwa wakijibu tatizo jingine kabisa: mabomba ya ardhini hupita kwenye maji taka na hukatwa na wenye maslahi. Wazo hilo lilitokana na kukaa mtaani na kugombana na watu hao hao.

Kwa upande wa wahadhiri kuna Anders Wilhelmson, mbunifu majengo na profesa wa Stockholm, aliyebuni Peepoo, mfuko wa choo unaooza wenyewe, wenye urea ndani ya kuua vijidudu. Ulisambazwa Silanga na katika shule za Kibera kuanzia mwaka 2010 hivi. Kwa mtaa uliozoea vyoo vya kuruka, yaani mifuko ya plastiki inayorushwa usiku juu ya mabati, ulikuwa ubunifu wa maana, na ninasema hivyo bila kejeli. Sayansi yake ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni bei: mwenye nyumba ya chumba kimoja hakuweza kulipa gharama kamili ya mfuko wa kila siku, kwa hiyo ulihitaji ruzuku, na ruzuku huhitaji serikali au mfadhili asiyechoka. Choo cha kawaida chenye mtambo wa gesi, kama vile vilivyojengwa na Umande Trust kwa kushirikiana na vikundi vya wakazi, hakina mvuto wa maabara, lakini mtu hulipa shilingi chache mlangoni na msafishaji hupata mshahara wake humo.

Na Kawangware? Ukiuliza kuhusu ufadhili wa vyuo, mara nyingi jibu ni fupi. Mtaa huo uko kilomita chache tu kutoka Kibera, upande wa pili wa Barabara ya Ngong, na umaskini si haba kule Gatina, Kongo au Stage 2. Hata hivyo wanafunzi na maprofesa hupita wakielekea kwingine. Sababu ya kwanza ni umaarufu. Kibera ilipigiwa filamu ya The Constant Gardener iliyotoka 2005, Seneta Barack Obama akaja Agosti 2006, Ban Ki-moon akaja Januari 2007 wiki chache baada ya kuapishwa. Jina Kibera kwenye ukurasa wa kwanza wa ombi la fedha halihitaji maelezo. Kwa miaka iliambatana na tarakimu ya watu milioni moja, ingawa sensa ya 2009 ilihesabu 170,070. Tarakimu kubwa hufuatwa na hundi kubwa, hata ikishathibitishwa kuwa si kweli.

Sababu ya pili ni ardhi, na hii ndiyo nzito. Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi kwenye ardhi ya serikali, na hadi leo sehemu kubwa ni ya serikali. Wanubi wenyewe walipewa hati ya jumuiya ya ekari 288 mwaka 2017. Mwenye nyumba Kibera humiliki mabati na udongo juu ya ardhi isiyo yake. Kawangware ni Dagoretti, ardhi ya mbari za Wakikuyu iliyoingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi uhuru ulipowadia, na leo ni ploti zenye wenyewe. Ukitaka kujenga choo cha umma Kibera, unakubaliana na mzee wa kijiji, kikundi na chifu, na pengine kesho serikali itakibomoa. Ukitaka kukijenga Kawangware, utaitafuta ploti, utamtafuta landilodi, naye atakuuliza kodi. Mradi wa dola 10,000 hauna jibu la swali hilo. Kwa hiyo miradi ya Kawangware huelekea kuwa ya vitu vinavyobebeka: mafunzo, uuzaji wa majiko nyumba kwa nyumba, kompyuta. Mjenzi wa vitu vya zege hukimbilia Kibera, ambako Julai 2018 tingatinga zilipita kutoa nafasi kwa barabara na watu wapatao 30,000 wakapoteza makao, na shule nazo zikabomolewa. Uhuru wa kujenga bila hati ni uhuru huo huo wa kubomolewa.

Kuna kichekesho kidogo cha kirasimu. Tahadhari za usafiri za serikali ya Marekani zimekuwa zikiitaja Kibera kwa jina, pamoja na Eastleigh, kama sehemu ambayo raia wake wafikirie upya kabla ya kwenda, na ofisi za bima za vyuo husoma tahadhari hizo neno kwa neno. Kawangware haikutajwa. Kwa kanuni za karatasi, mtaa usio na wageni ndio rahisi zaidi kuidhinishwa.

Hadi hapa nimezungumza karibu muda wote kuhusu vyuo vya mbali. Vilivyo karibu vinaonekana kutoka juu ya bati. Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Hospitali ya Kenyatta, mwendo wa miguu kutoka Kibera. Strathmore iko Madaraka. Strathmore na USIU huwataka wanafunzi wa shahada ya kwanza wafanye saa za huduma kwa jamii kabla ya kuhitimu, na vyuo vingi vina timu za Enactus, iliyokuwa ikiitwa SIFE, ambazo hubuni biashara za kijamii na kushindana kila mwaka. Tunazo saa na vijana. Mfuko hatuna.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti na ikasema wazi kwamba kila mwaka Wizara ya Fedha iipe kiasi cha asilimia 2 ya pato la taifa. Hakuna bajeti iliyokaribia hapo. Vyuo vya umma vimejaa madeni ya mabilioni, mengi yakiwa makato ya wafanyakazi ambayo hayakupelekwa yanakotakiwa. Mfumo mpya wa kufadhili wanafunzi uliotangazwa 2023 ulitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha katiba Desemba 2024. Mwaka 2025 wahadhiri waligoma kwa wiki kadhaa wakidai malimbikizo ya mkataba wa 2017 hadi 2021. Mkuu wa chuo anayehangaika na mshahara wa mwezi huu hawezi kutenga fedha za choo cha Lindi, na sitamlaumu kwa hilo.

Namlaumu kwa jambo jingine, lisilogharimu shilingi. Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya kupandisha vyeo, vilivyotolewa 2014, huhesabu pointi, na pointi nyingi hutoka kwenye makala za majarida. Mhadhiri anayekaa miaka minne na kikundi cha akina mama wa Gatina hadi mfumo wao wa taka ukafanya kazi hupata kidogo. Mwenzake anayeandika makala mbili kuhusu akina mama hao hao hupanda ngazi. Vyuo vyetu vimetangaza nguzo tatu, kufundisha, utafiti na huduma kwa jamii, kisha vikalipia mbili.

Uganda inaonyesha kwamba mfuko wa ndani si ndoto. Mwaka wa fedha 2019/20 serikali yao ilianza kuipa Makerere shilingi bilioni 30 za Uganda kwa ajili ya mfuko wa utafiti na ubunifu, unaoshindaniwa na wahadhiri ndani ya chuo. Kabla ya hapo, 2012, shule ya afya ya jamii ya chuo hicho ilikuwa imepata kutoka USAID mradi wa hadi dola milioni 25 wa kuendesha mtandao wa vyuo takriban ishirini vya Afrika, RAN, uliotoa ruzuku kwa wabunifu wanafunzi. Ukilinganisha fedha hizo mbili unaona tofauti ambayo haikuwa dhahiri wakati ule: zile za Kampala zilipitia bungeni, zile za Washington zilitegemea upepo wa Washington. Upepo huo uligeuka Januari 2025, misaada ya USAID iliposimamishwa ghafla, kisha shirika lenyewe likavunjwa. Uingereza ilikuwa imeshatangulia. Machi 2021 wakala wake wa utafiti, UKRI, ulitangaza kwamba umepungukiwa pauni milioni 120 za ahadi ulizokwisha kutoa kwa utafiti wa maendeleo, na miradi iliyokuwa katikati, ikiwemo ile ya Tomorrow's Cities iliyohusisha Nairobi, ikaambiwa ipunguze.

Hata fedha za nje zikija, zinagawanywa kwa njia ambayo wachache huizungumzia. Ruzuku ya taasisi ya afya ya Marekani, NIH, humruhusu mpokeaji wa nje atoze asilimia 8 tu kwa ajili ya gharama za uendeshaji: umeme, uhasibu, ofisi. Vyuo vya Marekani vimekuwa vikijadiliana viwango vyao wenyewe, mara nyingi zaidi ya asilimia 50. Chuo cha Nairobi kinachohifadhi hesabu, kinachotafuta vibali na kinachobaki kujibu maswali ya chifu hupewa makombo ya kuendeshea shughuli, kisha huambiwa kina udhaifu wa kiutawala.

Ni lini basi fedha za chuo zimenunua kitu kilichodumu bila kutegemea bahati ya mtu mmoja? Nitaje mifano miwili nje kidogo ya mitaa yetu miwili. Mwaka 2014 ramani ya kwanza kamili ya njia za matatu za Nairobi ilitolewa, kazi ya kituo cha C4DLab cha Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na MIT na Columbia. Wanafunzi wa hapa walipanda matatu na simu mkononi wakirekodi vituo vya njia zaidi ya 130, na serikali ya kaunti ikaikubali ramani hiyo. Pili, Mukuru. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, na Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore, Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Muungano wa Wanavijiji na Akiba Mashinani wakafanya kazi kwa miaka, nyumba kwa nyumba, wakiunda mpango ambao ni wa kisheria. Baadaye barabara zilipoanza kujengwa, serikali ilikuwa na mpango wa kuufuata. Katika mifano yote miwili chuo kilileta muda mrefu, takwimu, na uwezo wa kukaa meza moja na kaunti. Wakazi walileta watu. Hakuna aliyevumbua kifaa.

Lakini profesa mwenye fedha anaweza pia kudhuru. Mwaka 2020 utafiti mmoja wa uchumi ulichapishwa kuhusu Kayole-Soweto, mtaa mwingine wa Nairobi, ambako watafiti, wakiwemo wa Berkeley na Chuo Kikuu cha Maryland, walitathmini jaribio la kuwakatia maji wenye nyumba wasiolipa, waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Wapangaji, ambao hawakuwa na deni, ndio waliokaa na madumu makavu. Kibali kilikuwepo. Aliyekosekana ni mkazi mwenye mamlaka ya kusema hapana.

Najua pingamizi litakalotolewa. Watasema ruzuku ndogo haikukusudiwa kuikomboa Kibera, ilikusudiwa kumfunza mwanafunzi. Ni hoja ya haki, na ingependeza zaidi kama vyuo vingeisema mtaani kama vinavyoisema kwenye vikao vyao. Basi iitwe karo. Anayefundishwa hulipa, na aliyemfundisha, yule mama aliyemzungusha Soweto Mashariki wiki nane, alipwe kama mwalimu na si kwa chakula cha mchana na fulana.

Kwa wale wanaotaka mradi wenyewe udumu, kazi ni kugeuza mpangilio wa malipo. Fedha zisianze na wazo la mwanafunzi, zianze na kikundi chenye angalau miaka miwili ya kumbukumbu za mikutano na daftari la hesabu, na wapo wengi, kuanzia vyama vya akiba hadi timu za mpira. Akaunti iwe na sahihi za watu wa mtaani pamoja na mhasibu wa chuo cha Kenya. Sehemu kubwa ya kiasi ishikiliwe hadi mwaka wa tatu, itoke tu kama kikundi bado kinakutana. Ni ngumu kwa chuo kinachofunga hesabu zake kila Juni, lakini mifuko ya kudumu ya vyuo hivyo hivyo huwekeza kwa miongo bila kulalamika. Na kwa Kawangware, ambako ardhi ni ya mtu, mwanasheria na mpima wanafaa kuingia kabla ya mhandisi: mkataba wa kupanga kona ya ploti kwa miaka kumi ni ubunifu wa kijamii kama ulivyo mfuko wenye urea, ingawa hautashinda tuzo.

Upande wa serikali, lipo jambo dogo linaloweza kufanyika bila bunge. Kila mtafiti, mgeni au mwenyeji, huomba leseni kwa tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, na masharti ya leseni humtaka awasilishe ripoti yake ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza. Kwa anayeacha kitu kimejengwa, fomu hiyo hiyo ingeweza kumtaka ataje ni nani atakayelipia ukarabati wake mwaka wa pili na wa tatu, kwa kiasi gani, na aambatishe sahihi ya huyo mlipaji.